Babu hakuwa tapeli. Haya, kwa hiyo dawa ilitibu?

Nafundisha mantiki na maadili, na kila nikitaja kikombe cha Loliondo lazima mtu anyooshe mkono: "Lakini mwalimu, yule mzee alikuwa mtu wa Mungu, angekuwa tapeli si angechaji zaidi ya mia tano?" Jamani. Naandika hapa ili safari ijayo niwatumie linki tu.

Kwa waliokuwa wadogo: 2011, kijiji cha Samunge huko Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, mchungaji mstaafu wa Kilutheri Ambilikile Mwasapile, ndiye huyo Babu, anasema kaoteshwa na Mungu dawa ya mti wa mugariga, inatibu kisukari, kansa mpaka ukimwi, kikombe shilingi 500. Foleni ya magari ikawa kilomita na kilomita, vigogo nao wakanywa.

Sasa hiyo mia tano inajibu swali moja tu, kama mzee alikuwa anatafuta hela, na inalijibu vizuri sikatai. Ila kama virusi vimetoka mwilini au bado, hilo halijui bei ya kikombe wala roho ya aliyekichota, hilo ni la kipimo. Mtu anaweza asidanganye hata nukta, anaamini kwa moyo wote anachosema, na bado kakosea! Kinachoniudhi ukisema "kakosea" watu wanasikia "mwongo", halafu ghafla wewe ndo huna adabu kwa wazee. Na kinyume chake pia, mlevi akikwambia daraja limekatika usianze kumhubiria pombe, kaangalie daraja.

"Mjomba alipona." Sawa, na ambao hawakupona nani aliwahoji? Tuendelee.

Mimi mwenyewe daktari akiniandikia dawa naimeza bila kwenda maabara, namwamini. Huwa najitetea kwamba nyuma yake kuna watu waliojaribu kuikosoa hiyo dawa wakashindwa, wakati Babu alisema isipotoka mkononi mwake haifanyi kazi, sasa hapo unapimaje? Lakini bibi aliyeko kijijini atajuaje nani kapima na nani hajapima? Naye anaamini mtu, kama mimi, na jibu la kuniridhisha hapo sina.

Kuna walioacha ARV baada ya kikombe. Lawama ya nani, ya mzee aliyeamini alichooteshwa au yetu tulioona aibu kumuuliza? Naegemea kwetu, ila nikibanwa sana nayumba.