Je, wajua kwa nini ubeti wa mishororo (mistari) minne hautoki kichwani?

Mtu aliyekulia Mtwara au Lindi anaweza kusahau alichosoma jana kwenye simu, lakini ubeti aliousikia utotoni akaughani mpaka mwisho. Siri iko kwenye kipimo. Tazama huu:

Moshi wa bibi uani, korosho zilipowaka
Ungali mwangu puani, hata leo wanishika
Nijapokwenda mjini, sura nikabadilika
Mimi yule wa nyumbani, harufu yanitamka.

Kila mshororo una mizani (silabi) 16: ukwapi, yaani nusu ya kwanza, 8; utao, nusu ya pili, 8. Vina, yaani silabi zinazofanana mwishoni mwa kila nusu, vya kati ni -ni, vya mwisho -ka. Sasa tuseme neno la mwisho limekuponyoka. Ukifika "harufu", sikio linajua zimebaki mizani 5 na lazima zifunge kwa -ka. Maneno mengi yanajitoa yenyewe, na lile lenyewe linarudi. Nathari, yaani maandishi ya kawaida yasiyo ushairi, haina msaada huo. Neno likipotea, hata ukubwa wa pengo lake huujui.

Wanaoanza kutunga hupotezwa zaidi na herufi m. "Mjini" ni mizani 3, m-ji-ni, kwa kuwa m inatamkwa peke yake. "Mwangu" ni 2 tu, mwa-ngu. "Nyumbani" ni 3, maana m imeshikana na b: nyu-mba-ni. Na "yanitamka" ina 5: ya-ni-ta-m-ka. Ukiihesabu 4, utatia neno la kujazia, na mghani atajikwaa hapo hapo. Kwa sababu hiyo hiyo huwezi kutoa Lindi ukaweka Mtwara bila kugusa kitu kingine: li-ndi, m-twa-ra.

Ubeti wa kumbukumbu hauhitaji neno "nakumbuka". Unahitaji kitu kimoja chenye harufu au sauti. Ganda la korosho ghafi lina mafuta makali. Yakishika moto karaini mwali unaruka, na moshi unawasha macho, ndiyo maana hukaangwa uani. Neno hilo "uani" ndilo lililoleta kina cha -ni. Ila -ni ni mtego: shambani, sokoni, pwani, yote yanakubali upesi, na ubeti unageuka orodha ya mahali.

Anza na mshororo wa nne, hasa ukitaka uwe kibwagizo, kwani utarudiwa kila ubeti. Kisha ghani polepole ukigonga meza kwa kidole. Ukipata 15 au 17, rekebisha kabla hujagusa ubeti wa pili.