Kadi tano ndani ya behewa moja: tunayodanganyana kuhusu tiketi za treni Uingereza

Kila ukoo una mtu mmoja anayeachiwa kazi ya kukata tiketi. Kwetu huku Uingereza ni mimi. Mama akija kutembea, mdogo wangu wa chuo akajiunga, shemeji naye akaja na wanawe wawili, basi simu ni yangu na akaunti ya benki ni yangu. Kila mmoja ana kadi yake ya punguzo, Railcard kama inavyoitwa hapa, na kila mmoja ana hadithi aliyoisikia mahali kuhusu namna inavyofanya kazi. Nyingi ya hadithi hizo ni za uongo, na nyingine zimewahi kunitoa pesa mfukoni.

"Mmoja akiwa na kadi, tunapunguziwa sote"

Hii ndiyo mama wa dhana zote, na imeenea kwa sababu ina chembe ya ukweli. Zipo kadi zinazobeba watu zaidi ya mwenyewe, ila si zote, na kila moja inabeba kwa masharti yake.

Kadi ya 16-25, ya 26-30 (namba hizo ni za umri) na Senior Railcard ya waliofikisha miaka 60 zinampunguzia mwenye kadi peke yake theluthi moja ya nauli. Ukikaa kiti cha pembeni yake mkala karanga pamoja mpaka Manchester, wewe bado unalipa nauli kamili.

Two Together ni kadi moja ya watu wawili, na majina na picha za wote wawili zimo ndani yake. Si lazima wawe mume na mke, lakini lazima wasafiri pamoja mwanzo hadi mwisho. Mwenzako akiamka na homa asubuhi ya safari, kadi hiyo haikusaidii siku hiyo, wala huwezi kumchukua jirani akakaa mahali pake.

Family & Friends ndiyo yenye mkono mpana: watu wazima hadi wanne hupata theluthi, na watoto hadi wanne wenye miaka 5 hadi 15 hupunguziwa asilimia 60 ya nauli ya mtoto. Sharti ni kwamba mwenye kadi awepo na angalau mtoto mmoja mwenye tiketi awepo. Watu hulisahau sharti hilo la mtoto. Shemeji yangu alitaka kuitumia siku ambayo watoto walibaki nyumbani. Sikumkatia.

Kadi ya watu wenye ulemavu, Disabled Persons Railcard, humpunguzia mwenyewe pamoja na mtu mzima mmoja anayeandamana naye. Si lazima mtu huyo awe mwangalizi wake. Hata rafiki tu anatosha. Network Railcard nayo, inayotumika London na kusini-mashariki, inabeba hadi watu wazima watatu zaidi ya mwenyewe, na watoto wanne.

Kwa hiyo kabla ya kufungua tovuti yoyote mimi huandika kwenye karatasi: nani anabebwa na kadi gani. Kwenye tovuti nyingi, pale panapouliza idadi ya kadi, wanataka hesabu ya kadi na si ya watu. Wazazi wawili na watoto wawili chini ya Family & Friends wanajaza kadi moja tu, si nne. Hapo ndipo wengi wanapokosea, kisha wanalalamika kwamba tovuti ni mbovu.

"Tovuti ikishaikubali, tiketi ni halali"

Tovuti haijui chochote kuhusu wewe. Ukichagua kwamba una Senior Railcard, kwa kawaida haikuulizi namba ya kadi wala tarehe ya kuzaliwa. Inapunguza bei, inapokea pesa, imemaliza. Anayekagua yuko ndani ya behewa, na ndiye atakayetaka kuona kadi ya kila mtu ambaye tiketi yake imepunguzwa. Mama ana tiketi ya Senior, aonyeshe kadi ya Senior. Mwanafunzi naye aonyeshe yake. Kuonyesha moja "kwa niaba ya wote" hakupo, isipokuwa kwa zile kadi zinazobeba wengine.

Penye mtego mkubwa zaidi ni saa. Chukua treni inayoondoka saa 2 asubuhi siku ya Jumanne. Two Together haifanyi kazi kabla ya saa 3:30 asubuhi siku za kazi. Network Railcard inasubiri hadi saa 4. Senior na Family & Friends zinakataliwa saa za msongamano wa asubuhi kwa safari inayoanzia na kuishia ndani ya eneo la London na kusini-mashariki, lakini nje ya eneo hilo hazina kizuizi hicho. Kadi ya watu wenye ulemavu inatumika saa yoyote. Yaani treni ni moja na saa ni ile ile, lakini mkaguzi ana jibu tofauti kwa kila kiti.

Vijana wana mtego wao peke yao. Kadi ya 16-25 na ya 26-30 zina kikomo: punguzo haliwezi kushusha nauli chini ya pauni 12 kuanzia saa 10:30 alfajiri hadi saa 4 asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa. Nauli ya pauni 15 ingeshuka kuwa pauni 10, lakini kwa saa hizo utalipa 12. Nauli ya pauni 9 inabaki 9, hupunguziwi kitu. Tiketi za Advance, zile za treni maalumu unayoichagua mapema, haziguswi na sharti hili, na kwa kadi ya 16-25 linaondolewa mwezi wa Julai na Agosti. Kadi ya 26-30 haina likizo hiyo. Shida inakuja na tiketi ya Anytime, kwa kuwa inaruhusu treni yoyote ya siku hiyo: tovuti haiwezi kujua kama utapanda asubuhi au mchana, kwa hiyo inakuuzia kwa bei iliyopunguzwa.

Msidhani ni jambo dogo. Mwaka 2024 kijana mmoja alitishiwa kupelekwa mahakamani kwa sababu kwa tiketi aliyokata kwa kadi ya 16-25 alikuwa amelipa pungufu kwa pauni 1.90 kutokana na sharti hili hili. Watu walipiga kelele, kesi ikaachwa, na serikali ikaagiza mdhibiti wa reli, Office of Rail and Road, achunguze namna abiria wanavyoshtakiwa. Ripoti ikatoka mwaka 2025. Wakati wote huo sharti la pauni 12 lilikuwa palepale. Na ukikutwa England huna tiketi halali, faini inaweza kuwa pauni 100 pamoja na nauli ya safari; ukilipa ndani ya siku 21 faini inashuka hadi 50.

"Kadi mbili, punguzo mara mbili"

Hapana. Tiketi moja, punguzo moja. Mwenye 16-25 aliyemo pia kwenye Two Together achague mojawapo. Vivyo hivyo GroupSave, punguzo la theluthi ambalo kampuni nyingi za treni huwapa watu watatu hadi tisa wasio na kadi wanaosafiri pamoja nje ya saa za msongamano: haliwekwi juu ya kadi.

"Kukata tiketi zote kwa mkupuo mmoja ndiko nafuu"

Hili niliamini kwa miaka, maana sokoni ukinunua kwa jumla unapunguziwa. Kwenye treni inaweza kuwa kinyume kabisa.

Tiketi za Advance zinauzwa kwa ngazi. Kila ngazi ina idadi yake ya tiketi. Za bei ya chini zikiisha unapanda ngazi ya juu. Sasa kama mko watano na ngazi ya chini imebakiwa na tiketi mbili, mfumo mara nyingi hautoi mbili kwa bei hiyo na tatu kwa nyingine. Unatafuta ngazi inayowatosha wote watano, kisha wote mnalipa bei ya juu. Kadi zenu zinapunguza theluthi, ndiyo, lakini theluthi ya bei iliyokwishapanda.

Dawa yake ni kutafuta kwanza bei ya mtu mmoja, halafu ya wawili, halafu ya wote. Bei ya kila kichwa ikibadilika, gawa manunuzi. Wasiwasi wa watu ni viti: tukikata mbalimbali si tutatawanyika? Inawezekana, ila tovuti nyingi zinakuonyesha ramani ya behewa ukachagua mwenyewe. Ila usiwagawe watu wanaobebwa na kadi moja. Wazazi na watoto wa Family & Friends wakae kwenye muamala mmoja; mama na Senior yake, mdogo wangu na 16-25 yake, hao unaweza kuwakatia kando bila hasara.

Na kama unalipa ada ya kukatiwa tiketi, jua umeingia kwa dalali. Tovuti za kampuni za treni zenyewe hazitozi ada hiyo, na zinauza tiketi za kampuni nyingine zote.

"Watoto ni nusu nauli, mambo yameisha"

Walio chini ya miaka 5 hawalipi, na wa miaka 5 hadi 15 hulipa nusu, hilo ni kweli. Lakini piga hesabu kabla ya kuridhika. Tuseme nauli ya mtu mzima ni pauni 30, na mko wazazi wawili na watoto wawili. Bila kadi ni pauni 90. Kwa Two Together wazazi wanalipa 40 na watoto wanabaki na nusu yao, 30, jumla 70. Kwa Family & Friends wazazi 40, watoto 12, jumla 52. Kadi yenyewe ni pauni 35 kwa mwaka tangu Machi 2025, kwa hiyo hapo umeokoa pauni 38 na kadi imeshajilipa safari ya kwanza. Wenye Two Together mfikirie siku mtakapopata watoto.

"Aliyelipa lazima awe ndani ya treni"

Si lazima. Tiketi za kielektroniki huja kila mtu na msimbo wake, unamtumia mhusika kwa barua pepe, unabaki nyumbani. Kinachotakiwa kusafiri ni kadi na mwenye kadi.

"Kadi iko kwenye simu, hata picha yake inatosha"

Picha ya skrini haikubaliki. Inatakiwa kadi yenyewe ndani ya programu yake. Chaji ikiisha unahesabika huna kadi. Nzuri ni kwamba kadi ya kidijitali inaweza kuwekwa kwenye simu mbili.

Ukiisahau kabisa ukalazimika kulipa zaidi, usikate tamaa: mara moja ndani ya miezi 12 unaweza kudai urudishiwe ile ziada, mradi udai ndani ya siku 28 na uonyeshe kwamba siku ile kadi ilikuwa hai. Mara ya pili ni juu yako.

"Kadi ni za wenyeji tu"

Hili ndilo lililonigharimu zaidi. Mama alikuja mara mbili, nikamkatia nauli kamili zote, kwa kuwa mtu fulani aliniambia mgeni hana haki. Senior Railcard haiulizi unaishi wapi. Inauliza umri, na pasipoti inatosha kuuthibitisha. Nauli za safari zake zote zikizidi pauni 105, theluthi yake imeshafidia bei ya kadi, hata kama anakaa wiki tatu tu.

Vijana nao huachia kadi ya 16-25 wakidhani inakufa siku ya kutimiza miaka 26. Ukiinunua hata siku moja kabla ya kutimiza 26 utaitumia mwaka mzima. Na unaweza kukata tiketi leo kwa punguzo kabla kadi haijafika, ilimradi siku ya kupanda treni iwe hai mkononi.

Mara ya tatu mama alipokuja nilimnunulia ya karatasi pale stesheni, maana simu yake haikai na chaji. Baadaye nikamwomba mfanyakazi wa stesheni aiunganishe na kadi yake ya Oyster, ile ya kulipia usafiri wa London, apunguziwe pia kwenye treni za London nje ya saa za msongamano. Senior na 16-25 zinaunganishwa. Two Together, Family & Friends na Network haziunganishwi, kwa hiyo shemeji na wanawe wakifika London wanarudi kwenye nauli ya kila mtu.