Stilihedi ni nani, na kwa nini trauti wa bwawani haitwi hivo

Wiki iliyopita nimetumiwa picha tena na mtu wa nyumbani, trauti mkubwa kweli katolewa kwenye bwawa la kufugia huko Nyeri, kilo mbili na kitu, mstari wa pinki ubavuni, na chini ya picha kaandika "stilihedi wetu". Ni mara ya tatu ama ya nne mwaka huu. Alafu huku ninakoishi, jimbo la Washington, Marekani, ndugu zetu wengi wanaoingia mtoni na fimbo ya kuvulia kwa mara ya kwanza wanaita kila samaki mkubwa anayeng'aa "samoni", na ukiwaambia huyo ni stilihedi wanakujibu sawa, si ni aina ya samoni. Wacha niandike mara moja niwe natuma hii.

Kwa kifupi, stilihedi (kwa Kiingereza steelhead) ni trauti wa upinde wa mvua aliyezaliwa mtoni, akateremka mpaka baharini, akakulia huko, kisha akarudi mtoni kutaga. Basi. Jina la kisayansi ni moja tu, Oncorhynchus mykiss, yule wa bwawani Nyeri na huyu wa mto Skagit wa hapa Washington ni spishi ile ile. Mtoni anakaa kama mwaka mmoja hadi mitatu, halafu mwili unabadilika uweze kustahimili chumvi, madoa yanafifia, anakuwa rangi ya fedha tupu, anaingia Pasifiki kula mwaka mmoja, miwili, mitatu, na akirudi ana kilo tatu, nne, tano, wengine wanapita kumi, wakati ndugu yake aliyebaki kijitoni saa ingine hata nusu kilo hafiki.

Na nikisema ndugu yake namaanisha ndugu wa tumbo moja. Hapa ndio watu wengi wanapotea. Mama mmoja anaweza kutaga mayai, watoto wengine wakaenda baharini na wengine wakabaki pale pale chini ya jiwe lao maisha yote. Majike ndio huwa wanaenda zaidi, kwa sababu jike mkubwa anabeba mayai mengi na chakula cha kukuza mwili kiko baharini, dume akiwa mdogo bado anaweza kujipenyeza na kurutubisha mayai. Wataalamu wanaijua hii kwa kupima vijiwe vilivyo ndani ya sikio la samaki, kile kiini cha katikati kinabeba alama ya madini ya strontiamu kutoka kwa mama, kwa hiyo samaki anakuonyesha kama mama yake alitoka baharini ama hakuwahi kwenda. Kwenye mto Babine, Kanada, walipatikana stilihedi ambao mama zao hawakuwahi kuonja chumvi, na wakapatikana trauti wakaaji ambao mama zao walikuwa stilihedi. Kwa hiyo mtu akikuambia ni samaki wawili tofauti, ni sawa na kusema mtoto aliyekwenda Mombasa kutafuta kazi akarudi amenenepa si wa ukoo tena.

Sasa jina lenyewe. Wako wanaolitafsiri "kichwa cha chuma" na wanaeleza kwamba samaki huyu ana kichwa kigumu kama nyundo. Kuna wavuvi wa Kiingereza pia wanaosema ni ugumu wa mifupa ya kichwa, sikatai kwamba maelezo hayo yapo, lakini wengine wanaeleza kwa rangi, na kwangu hayo ndio yana mantiki. Samaki akitoka baharini karibuni, juu ya kichwa na mgongo ana kijivu cha kibuluu kinachowaka kama kisu kipya. Tena hiyo chuma iliyo kwenye jina la Kiingereza si chuma ya kawaida ya jembe, ni feleji, ama chuma cha pua kama tunavyosema, na ukisema feleji mtu anaona mng'ao kabla ya kufikiria ugumu. Akishakaa mtoni wiki kadhaa ule mng'ao unaondoka, pinki inarudi ubavuni, mashavu yanawiva, na hapo utasikia mtu anasema "huyu sasa ni trauti wa upinde, si stilihedi", wakati ni samaki yule yule aliyepita hapo mwezi jana akiwa mweupe pe! Rangi inakuambia ameingia mtoni lini, haikuambii ni nani.

Hata wanasayansi walichanganyikiwa muda mrefu, kwa hiyo siwalaumu watu wa kwetu. Mwaka 1792 Mjerumani Walbaum alimpa samaki huyu jina mykiss, akifuata jina la wenyeji wa Kamchatka, Urusi, walivyomwita, kitu kama mikizha. Mwaka 1836 Richardson akaandika samaki wa mto Columbia kama gairdneri, kwa heshima ya Gairdner, daktari wa Hudson's Bay Company, kampuni ya biashara ya manyoya, pale kituo chao cha Fort Vancouver. Halafu 1855 kule California Gibbons akapata wadogo wa kijitoni akawapa jina jingine linalotokana na neno la Kigiriki la upinde wa mvua. Majina matatu, samaki mmoja! Baadaye wakagundua yule wa Kamchatka na hawa wa Marekani ni wale wale, na kanuni ya majina ya kisayansi inasema la zamani ndilo linashika, ndio mykiss ikarudi. Mwaka 1989 wakamtoa pia kwenye jenasi (yaani kundi la spishi za ukoo wa karibu) ya Salmo wakamweka Oncorhynchus, pamoja na samoni wa Pasifiki. Hilo neno ni Kigiriki, maana yake pua ya ndoano, ukimwona dume wakati wa kutaga taya limepinda utaelewa. Ukikuta kitabu cha zamani cha uvuvi Kenya kimeandika Salmo gairdneri, usidhani ni samaki mwingine.

Hapo ndipo lile swali la "ni trauti ama ni samoni" linapokosa jibu safi. Kwetu tuna trauti wa aina mbili. Yule wa kahawia, mayai yake mlowezi Ewart Grogan aliyaleta 1905 kutoka Loch Leven, Scotland, wakawekwa mto Gura kule Aberdare. Wa upinde alikuja 1910 kutoka Afrika Kusini. Tunawaita wote trauti na wanakaa mito ya jirani, lakini wa kahawia ni Salmo, yuko karibu zaidi na samoni wa Atlantiki, na wa upinde yuko karibu na samoni wa Pasifiki kuliko alivyo karibu na huyo mwenzake wa Gura. Neno trauti kumbe ni jina la wavuvi tu, halifuati ukoo. Tofauti moja ya kweli na samoni wa Pasifiki wa huku, wale kina chinuku na soki, ni kwamba wao wakishataga wanakufa wote. Stilihedi wengi wanachoka na kufa lakini wengine wanateremka tena baharini, wananenepa, wanarudi kutaga mara ya pili.

Kwa hiyo tunaweza kuwa na stilihedi Kenya? Damu si tatizo. Mto Santa Cruz, Argentina, walipandikizwa trauti wa upinde kutoka California, na leo kuna kundi linaloenda Atlantiki na kurudi bila mtu kulifundisha. Hapa Washington mto Elwha ulikuwa na mabwawa mawili, yakabomolewa kati ya 2011 na 2014, na vizazi vya trauti waliofungiwa juu karibu miaka mia wakaanza kuteremka baharini tena. Kwetu shida ni njia. Sagana inaingia Tana, Tana inashuka kwenye joto, na trauti maji yakizidi nyuzi 25 hivi kwa muda hawezi kuishi, tena kabla ya bahari kuna Masinga na mabwawa mengine yamekaa katikati. Mito ya Nanyuki, Naro Moru na Burguret inaingia mto Ewaso Ng'iro, ambayo inaishia kwenye kinamasi cha Lorian. Samaki wa pale hata angetaka hafiki.

Na hili neno lina uzito huku, si ubishi wa wavuvi tu. Tangu 2006 ulinzi wa serikali kuu ya Marekani kwa stilihedi walio hatarini unamgusa yule anayeenda baharini, yule mkaaji wa mto huo huo hayumo. Mtoni wanatumia rula, hapa Washington trauti wa upinde akipita inchi 20 kwenye mito yenye stilihedi anahesabiwa stilihedi, na wa porini ni kumrudisha majini. Rula ni ya kurahisisha kazi ya askari wa wanyamapori, haiwezi kumfanya samaki wa bwawani awe amesafiri. Wale wa Maziwa Makuu ya Marekani wanaokulia ziwani na kupanda mtoni kutaga, watu wa huko wanawaita stilihedi na wanakasirika ukibisha, mimi naona sawa kidogo kwa sababu mababu zao walitoka Pasifiki na safari wanaifanya, ila chumvi hawajaiona.

Yule wa Nyeri nimemjibu polepole. Nimemwambia samaki wake ni trauti wa upinde, aandike hivo tu, na kilo mbili kwa maji ya bwawa amemlisha vizuri.