"I work" au "I am working": -na- haitoshi kukuongoza

Chanzo cha kosa la kuchanganya "I work" na "I am working" ni Kiswahili chetu wenyewe. "Juma anafanya kazi bandarini" ina maana mbili: ndiyo ajira yake, au muda huu yuko huko anapakua mizigo. Kiingereza kinakulazimisha uchague. Ajira ni "Juma works at the port". Cha muda huu ni "Juma is working at the port".

Kabla ya kuandika, ijaribu sentensi yako kwa hu-. Ukisema "Juma hufanya kazi bandarini" na maana uliyokusudia ikabaki palepale, tumia wakati uliopo wa mazoea: kitenzi peke yake, na -s ikiwa mtenda ni he, she au it. Ikiwa hu- inaharibu maana, lakini "sasa hivi" au "siku hizi" inakaa vizuri, tumia hali ya kuendelea: am, is au are, kisha kitenzi chenye -ing. Vyote viwili ni lazima. "She cooking" imekosa is. "She is cook" imekosa -ing, na msomaji atadhani ulitaka kusema yeye ni mpishi.

Jaribio hilo halifui dafu kwa vitenzi vya hali: know, want, need, understand, believe, belong. Hivi havichukui -ing hata kama jambo ni la sasa hivi. "Ninahitaji maji" ni "I need water", basi. Have ndiyo inayosumbua zaidi. "I am having a car" ni kosa, kwa kuwa hapo ni kumiliki. "I am having lunch" ni sahihi, kwa kuwa hapo ni kula. Think nayo ina sura mbili: "I think he is right" ni maoni, "I am thinking about it" ni kwamba bado unalitafakari.

Mtego ambao walimu wengi huupita haraka ni -me-. Mwanafunzi anayeeleza picha huona "mtoto amelala" akaandika "The child has slept", yaani mtoto ameshapata usingizi wake. Kiswahili kinataja hali iliyobaki baada ya tendo. Kiingereza hapo kinataka "The child is sleeping". Ndivyo ilivyo kwa amekaa (is sitting), amesimama (is standing) na amevaa (is wearing). "He wears a red coat" inasema koti hilo ni vazi lake la kawaida, si kwamba analo mwilini sasa.

Kwa ya kesho, mpango wako binafsi huchukua -ing: "I am travelling tomorrow". Ratiba ya chombo cha usafiri huchukua wakati uliopo wa mazoea: "The bus leaves at 6 a.m. tomorrow", yaani saa kumi na mbili asubuhi.