IC50: namba inayopimia makali ya kemikali dhidi ya saratani ya tezi dume

Msimu wa zabibu ukifika Dodoma, hukosi kumsikia mtu pale soko la Majengo akisema zabibu nyekundu zinatibu saratani ya tezi dume. Maneno hayo hayakuzuka hewani. Ganda la zabibu nyekundu lina kemikali iitwayo resveratroli, na maabara zimeonyesha kwamba huzuia seli za saratani hiyo zisikue. Ila ushahidi wa maabara una lugha yake, na neno lake kubwa ni IC50: kiwango cha kemikali kinachotosha kupunguza ukuaji wa seli kwa nusu. Namba ikiwa ndogo, kemikali ina makali zaidi.

Hupatikana hivi. Seli hupandwa kwenye kisahani cha plastiki chenye vishimo 96 na kuwekwa kwenye joto la nyuzi 37 hadi zishike chini. Kila safu hutiwa kemikali kwa kiwango chake. Safu moja huachwa bila kitu, nyingine hupewa dawa inayojulikana tayari, kama docetaxel, iwe kigezo. Baada ya siku mbili tatu hutiwa kemikali nyingine iitwayo MTT, yenye rangi ya njano. Seli hai huigeuza ikawa zambarau, iliyokufa haiwezi. Mashine husoma ukolevu wa rangi, kishimo kwa kishimo, na kiwango kinachoipunguza zambarau hadi nusu ya ile ya safu isiyotiwa kemikali ndicho IC50.

Namba hiyo ya seli zipi, lakini? Seli za saratani ya tezi dume zinazokuzwa maabara zina aina zake. LNCaP zilitoka kwenye tezi ya limfu ya mgonjwa, na bado huitikia homoni za kiume. PC-3 zilitoka mfupani, na hazizitegemei. Kemikali inayoziba njia ya homoni yaweza kuzibana LNCaP huku PC-3 zikizaliana tu. Kwa hiyo mtafiti makini hupima zote, kisha hupima na seli zisizo na saratani. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo chenye uzito kuliko vyote, maana hata jiki ukiimimina kwenye kisahani itaua seli za saratani zote.

Resveratroli inakwamia kwingine. Ukiimeza, utumbo na ini huibadilisha haraka mno, na inayobaki huru kwenye damu ni chembe tu. Kula zabibu za Hombolo kreti nzima, bado damu yako haitafikia kiwango kilichozibana seli kwenye vile vishimo.