Kupanga Vituo vya Kuchajia: Maana Yake kwa Safari Ndefu ya Gari la Umeme

Kupanga vituo vya kuchajia ni kuamua, kabla ya kuondoka nyumbani, utasimama wapi kujaza betri, utafika hapo ukiwa na chaji kiasi gani, utaondoka na kiasi gani, na utafanya nini iwapo kituo ulichokitegemea hakifanyi kazi. Mwenye gari la petroli anayetoka Malindi kwenda Nairobi hana haja ya hesabu hiyo, kwa kuwa vituo vya mafuta havikosekani njiani na kujaza tangi ni shughuli ya dakika chache. Mwenye gari la umeme hana budi kuifanya, na sehemu iliyo muhimu zaidi, ambayo ndiyo husahauliwa, ni ile ya mwisho.

Hesabu haianzi na umbali ulioandikwa kwenye tangazo la gari. Umbali huo hupimwa katika maabara kwa mwendo uliopangwa, na vipimo vyenyewe havilingani: kile cha JC08, kilichotumika Japani kwa miaka mingi, kina ukarimu kuliko kile cha WLTP kinachotumika Ulaya, hivyo aliyeagiza gari lililotumika kutoka Japani asiichukue namba hiyo kama ahadi. Kinachofaa ni kujua gari lako linatumia umeme kiasi gani kwa kila kilomita 100, jambo ambalo magari mengi huonyesha kwenye dashibodi. Kipimo ni kilowati-saa, na mkazi wa Malindi anakifahamu tayari, kwani ndicho kile kile anachouziwa na Kenya Power kama yuniti moja ya tokeni. Betri ya kilowati-saa 60, kwa hiyo, ni betri ya yuniti 60.

Tuchukue gari lenye betri ya ukubwa huo, linalotumia yuniti 18 kwa kila kilomita 100 kwenye barabara tambarare. Kutoka Malindi hadi Mombasa ni kama kilomita 120, yaani yuniti 22 hivi, na hapo hapana tatizo. Kutoka Mombasa hadi Voi ni kilomita 155 au zaidi kidogo, yaani yuniti 28 za mwendo, ukiongezea kama 3 za kupanda kutoka baharini, kwani Voi iko karibu mita 600 juu. Jumla ya sehemu hizo mbili inakaribia kuimaliza betri, kwa hiyo ni lazima kuchaji Mombasa hata kama gari liliondoka Malindi limejaa.

Suala la kupanda linastahili maelezo zaidi, kwa sababu ramani haionyeshi mlima kwa mtu anayetazama kilomita tu. Kuinua uzito wa tani mbili, yaani gari, abiria na mizigo, kutoka usawa wa bahari hadi Nairobi iliyo karibu mita 1,700 juu, kunahitaji yuniti 9 hivi, hata pasingekuwa na upepo wala msuguano wa magurudumu. Hizo ni kilomita 50 za mwendo wa kawaida zinazopotelea katika kupanda. Wakati wa kurudi pwani sehemu ya yuniti hizo hurejea, kwa kuwa mota hugeuka kuwa jenereta gari linapoteremka au kupunguza mwendo, lakini hazirejei zote. Mpango wa kwenda, kwa hiyo, si mpango wa kurudi, na anayetumia mmoja kwa safari zote mbili anajidanganya.

Upepo nao una sehemu yake. Nguvu ya hewa inayolizuia gari hukua kwa mraba wa mwendo, hivyo anayeongeza mwendo kutoka kilomita 80 hadi 110 kwa saa anakutana na kizuizi kinachokaribia kuwa maradufu. Wakati wa Kusi, dereva anayeteremka kutoka Malindi kuelekea Kilifi na Mombasa huwa anakwenda dhidi ya upepo, na wakati wa Kaskazi hali hugeuka. Kiyoyozi hula kidogo kwa kulinganisha, ingawa kwenye foleni ya malori ya Mariakani, ambapo gari halisongi na kiyoyozi hakizimwi, yuniti huendelea kupungua bila kilomita hata moja kuongezeka.

Sasa kuna kanuni inayorudiwa sana: chaji kutoka asilimia 10 hadi 80, kisha ondoka. Kanuni hiyo ina sababu ya kweli. Betri ya lithiamu inapochajiwa, ioni, yaani chembe za lithiamu zenye chaji, huingia kati ya tabaka za grafiti, aina ya kaboni iliyo ndani ya betri, na nafasi zinapobaki chache, kuzisukuma kwa nguvu hufanya lithiamu igande juu ya grafiti badala ya kuingia ndani, jambo linaloharibu betri. Kompyuta ya gari hupunguza nguvu ya kuchaji ili kulizuia hilo, na matokeo yake ni kwamba asilimia 20 za mwisho kwenye chaja ya kasi zaweza kuchukua muda unaokaribia ule wa kutoka 10 hadi 80. Ulaya, ambako chaja za kasi zimepangana kwenye barabara kuu, ni busara kusimama mara mbili kwa muda mfupi kuliko mara moja kwa muda mrefu.

Kwetu kanuni hiyo haifai kufuatwa kwa upofu. Kutoka Mtito Andei hadi Nairobi ni kama kilomita 240, ambazo kwa gari letu la mfano ni yuniti 43, na kupanda kwa takriban mita 1,000 kunaongeza 5 au zaidi. Jumla ni asilimia 81 ya betri. Aliyeondoka na asilimia 80 hafiki. Anayetaka kuingia mjini akiwa na akiba ya asilimia 15 anahitaji kuondoka na 96, ama awe na uhakika wa kuchaji tena Emali au Sultan Hamud. Ni afadhali kukaa mezani nusu saa zaidi huku betri ikijaa polepole kuliko kuitii kanuni iliyotungwa kwa barabara za wengine.

Mwenye gari kuukuu ana hesabu kali zaidi. Nissan Leaf ya yuniti 40 iliyopoteza uwezo kwa umri inaweza kubakiwa na 30 tu za kutumika, na mwenyewe ataona dalili katika vipande 12 vilivyo pembeni mwa kipimo cha chaji, ambavyo huzimika kimoja kimoja miaka inavyopita. Betri ya Leaf hiyo hupozwa kwa hewa pekee, bila maji, kwa hiyo kuchaji kwa kasi mara ya pili au ya tatu siku hiyo hiyo, katika joto la Tsavo, huifanya ikatae kupokea nguvu nyingi. Tena gari la Japani huja na tundu la CHAdeMO, ilhali la Ulaya huwa na CCS2 na lile lililotengenezwa kwa soko la China huwa na GB/T. Kituo kisicho na plagi ya gari lako kisihesabiwe kabisa, hata kiwe karibu namna gani.

Hapo ndipo tunarudi kwenye ile sehemu inayosahauliwa. Akiba ya chaji haipimwi kwa asilimia iliyozoeleka, bali kwa umbali wa kituo mbadala: ukifika mahali ulipokusudia ukakuta umeme umekatika, au chaja imeharibika, au mtu mwingine amekutangulia na bado ana saa mbili za kuchaji, unapaswa kuwa na yuniti za kukufikisha pengine. Kama pengine hapo ni kilomita 60 mbele, gari letu linahitaji kufika kituo cha kwanza likiwa na yuniti zisizopungua 11. Katika programu ya simu ya kutafutia vituo, kama PlugShare, tazama tarehe ambayo mtu wa mwisho alichaji hapo kabla ya kutazama picha, kisha piga simu uulize kama chaja inafanya kazi leo.

Kituo mbadala si lazima kiwe chaja ya kasi. Soketi ya kawaida ya volti 240 ikitumiwa kwa ampea 10 hutoa kilowati 2.4, ambazo kwa usiku wa saa 10 ni zaidi ya yuniti 20, na gesti nyingi zina soketi karibu na uwanja wa kuegesha ikiwa utaomba kwa adabu na kulipia umeme utakaoutumia. Usitumie waya mwembamba wa kuunganishia. Baada ya nusu saa gusa plagi kwa kiganja: uvuguvugu ni jambo la kawaida, lakini ikiwa mkono haustahimili kukaa hapo, zima na utafute soketi nyingine, kwani chuma cha ndani kimelegea na plastiki itaanza kuyeyuka.

Safari ya Lamu ndiyo inayoonyesha vizuri thamani ya kuchaji polepole. Kutoka Malindi kupitia Garsen na Witu hadi Mokowe ni kama kilomita 220 za tambarare, yaani theluthi mbili za betri yetu. Nyaya za kilovolti 220 kutoka Rabai huelekea upande huo huo hadi Lamu, lakini umeme wa msongo huo haumfai dereva mpaka ushushwe na kufikishwa kwenye soketi. Kwa kuwa gari huachwa Mokowe na abiria huvuka kwa mashua, muda wa kuegesha ndio muda wa kuchaji: ili kurudi Malindi na akiba ya asilimia 15 gari linahitaji kuongezewa yuniti kama 30, ambazo soketi ya kawaida itazitoa kwa takriban saa 13. Makubaliano na mwenye uwanja wenye umeme na mlinzi, pamoja na bei ya kila yuniti, yafanywe kwa simu kabla ya kuondoka Malindi.