Lupita hakutambaa: Raksha alipatikanaje

Kila Lupita Nyong'o anapotajwa pamoja na filamu ya The Jungle Book ya 2016, lazima atokee mtu wa kusema: "Alivaa ile nguo ya vitone ya kunasa mwendo wa mwigizaji, akatambaa, kompyuta ikamgeuza mbwa mwitu." Sivyo! Lupita alitoa sauti tu ya Raksha, mbwa mwitu aliye mama mlezi wa Mowgli, mtoto wa binadamu. Chanzo cha mkanganyiko nakijua. Desemba 2015 alitoka kwenye Star Wars akiwa Maz Kanata, na kule kweli mwendo wake ulinaswa na kompyuta. Lakini Maz anasimama kwa miguu miwili.

Wanyama wa mwongozaji Jon Favreau walihuishwa kwa mkono kwenye kompyuta, mkao baada ya mkao, fremu (picha) 24 kwa sekunde. Video za waigizaji zilikuwa kielelezo. Kunasa mwendo kulitumika zaidi katika kupanga matukio. Mtoto, Neel Sethi aliyeigiza Mowgli, ndiye wa kweli, akiigiza na vikaragosi studioni Los Angeles.

Mwendo wa mtu haufai kwa sababu ya bega. Mbwa mwitu hana mtulinga, mfupa unaounganisha bega na kifua. Bapa la bega limeshikwa na misuli tu, linateleza ubavuni kila hatua, na mguu ukibeba uzito ncha yake inachomoza mgongoni. Mtu akitambaa, bega limefungwa, magoti yako chini, makalio juu. Hamisha mwendo huo kwa mbwa mwitu, utapata mtu aliyejifunika ngozi.

Kinachonikera zaidi ni mdomo, maana watu hudhani ndiyo kazi rahisi. Taya la mbwa mwitu ni refu: ukilifungua kidogo tu kwenye bawaba, ncha ya pua na kidevu zinaachana mno. Midomo yake haiwezi kuviringika kwa "o" wala "u". Sasa chukua maneno "mama mbwa mwitu" yasemwe kwa sekunde moja. Midomo inapaswa kukutana mara nne, yaani kila fremu 6. Ukizifuata zote, mnyama anaonekana anatafuna. Funga mara mbili tu: "ma" ya kwanza, kisha "mbwa", na ushikilie kila mfungo fremu 2 au 3, kwa kuwa wa fremu moja jicho haliuoni. Katikati acha taya wazi kidogo. Ulimi, koo na pumzi ya kifuani vibebe maneno. Kichwa nacho kishuke kidogo kwenye silabi yenye mkazo. Sauti ikiwa nzuri, mtazamaji atajaza yaliyobaki.

Manyoya nayapita haraka: mkono wa mtoto usipozama ndani yake, na yasipolala pale vidole vilipopita, mtoto na mama yake wataonekana wamebandikwa.

Ninapohuisha mbwa mwitu, bado nahangaika na nyusi. Mbwa wa nyumbani ana msuli wa kuinua nyusi kwa ndani. Kwa mbwa mwitu msuli huo ni hafifu mno. Anayefuata maumbile ataeleza huzuni ya Raksha kwa masikio kulala nyuma, shingo kushuka na mboni kutulia. Lakini mama anayeagana na mtoto bila nyusi kusogea, wengi watamwona baridi. Ukiziinua, mbwa mwitu anageuka mbwa wa sebuleni. Mimi huziinua nusu, fremu chache, kisha nazirudisha kabla hajafumba jicho. Sina kanuni ya kuitetea nusu hiyo.